Steve Kerr wa mpira wa kikapu: yupi bora, mchezaji au kocha?
Uwanjani Kerr alikuwa mtu wa benchi. Mbio hakuwa nazo, wala misuli. Alichojaliwa ni mkono: mitupo ya pointi tatu aliingiza kwa asilimia 45.4, rekodi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Fainali ya 1997, mchezo wa sita, Michael Jordan, nyota wa timu yake ya Chicago Bulls, alibanwa na wawili akamsukumia pasi; Kerr akafunga zikiwa zimebaki sekunde 5, na Bulls wakatwaa taji. Kwa jumla alibeba mataji 5.

Akiwa kocha wa Golden State Warriors ana 4: 2015, 2017, 2018 na 2022.

Kwa hesabu mchezaji yuko mbele, lakini mimi namchagua kocha. Mchezaji alingoja pasi ya Jordan; kocha aliifundisha timu nzima kupasiana, mpira ukizunguka mpaka umfikie aliyeachwa peke yake, na msimu wa 2015/16 wakashinda mechi 73 kati ya 82.