TAHADHARI: tapeli wa kinanda cha Yamaha DX7 hapa Mwanza

Ndugu zangu wapiga vinanda, nimelizwa. Shilingi 1,350,000, na si hela yangu, ni ya kwaya. Mnajua tulivyohangaika tangu Pasaka. Kuna akina mama wametoa hela ya dagaa, na mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasema niachieni, vinanda navijua.

Mtu mwenyewe ni yule mwembamba wa Mabatini anayejiita fundi wa sauti. Jumamosi saa kumi jioni alinikaribisha chumbani kwake. DX7 ilikuwa juu ya meza iliyotandikwa kitenge mpaka sakafuni. Ile yenyewe: kahawia iliyokolea, vitufe bapa vya kijani, funguo 61. Akasema, "Piga mwenyewe, kaka." Nikapiga do-mi-so, polepole, halafu kwa nguvu, na sauti ikaitika mkono wangu: nikigusa inanong'ona, nikikandamiza inalia. Akabadilisha, ikaja piano ya mbao kabisa, unasikia mpaka nyuzi zinavyofifia. Akaweka mdundo wa rumba, nikapiga juu yake kama dakika kumi. Nikampigia simu mwenyekiti wa kwaya asikilize, naye akasema chukua. Nikahesabu hela.

Anayetaka kunilaumu aniambie yeye angeshtukia wapi. Vidole vilikuwa vyangu! Na kinanda alikijua kuliko mimi. Alinieleza jinsi John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alivyogundua kwamba wimbi moja likiliyumbisha jingine kwa kasi sana linazaa sauti mpya, Yamaha wakanunua haki ya kuitumia njia hiyo, na mwaka 1983 wakatoa DX7. Yote ni kweli, nilishayasoma zamani. Ndiyo maana nikamwona mwenzetu.

Nyumbani Kirumba nikachomeka. Kioo kikawaka, kikaandika jina la sauti, nikibonyeza vitufe namba zinabadilika. Spika kimya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha spika. Nikaazima ampli ya jirani. Saa sita usiku bado nagonga funguo, nasikia plastiki tu.

Fundi wangu alifungua akasema sehemu inayotengeneza sauti imekufa, na chipu zake Yamaha walizitengeneza wenyewe, huingii dukani ukazipata. Kisha akaniuliza: siku ile waya wa spika ulikuwa unatoka wapi? Nikaishiwa nguvu. Ukiacha wa umeme, nyuma ya DX7 ulitoka waya mmoja tu, wa pini tano, ukazama chini ya kitenge. Huo ni waya wa MIDI. Haubebi sauti hata chembe, unabeba amri: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Kilichokuwa kinaimba ni chombo kingine kilichofichwa chini ya meza, na spika ilichomekwa huko. Nimepiga MIDI miaka yote hii na sikuinama kutazama.

Kwa hiyo, ukienda kununua, shika waya wa spika uufuate kwa mkono mpaka unapoishia. Mimi nilipotaka kuusogeza alinizuia, eti una shoti. Halafu DX7 haina midundo ndani yake, ile rumba ilitosha kunishtua. Piano ya mbao namna ile pia haimo. Na alinikimbiza, eti kuna mteja wa Bukoba anashuka na meli asubuhi. Risiti hakutoa.

Huyu mtu afungwe! Simu haipatikani, chumba kina kufuli, mwenye nyumba anasema alihama Jumapili alfajiri. Anajua dagaa wanavyopatikana, watu wanakesha ziwani na taa, wenzao wanaanika kutwa juani, ili yeye aje kula kwa waya mmoja? Polisi nimesharipoti. Akitokea Igoma, Buhongwa, Sengerema, hata Ukerewe, mshikeni mumfikishe kituoni. Msimpige. Nataka asimame mahakamani aseme hela iko wapi, arudishe yote, na afungwe juu yake.

Kamati imeshajua, akina mama bado. Wanakwaya mliomo humu, nawaomba sana mniachie niwaambie mwenyewe Alhamisi kwenye mazoezi.