Malezi ya Mchana kwa Saa: Je, Mzazi Anaokoa Kweli?

Wazazi wengi wanaofanya kazi nje ya nyumba wamefika mahali ambapo ada ya kituo cha kulelea watoto inashindana na kodi ya nyumba, na wapo waliokaa chini wakapiga hesabu wakakuta kwamba mshahara wa mmoja wao unaishia karibu wote kwa mlezi. Kutokana na hali hiyo, baadhi ya vituo vimeanza kuuza huduma kwa saa badala ya kwa mwezi, vikiahidi kwamba mzazi atalipia muda ambao mtoto yupo kituoni na si zaidi. Nimeitumia huduma ya aina hiyo kwa mtoto wangu wa miaka miwili kwa muda wa kutosha kuizoea, katika kituo ambacho sitakitaja jina kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema hapa si ya kukisifu. Maoni yangu ni kwamba huduma hii inapunguza gharama kwelikweli, ila kwa mzazi ambaye ratiba yake inatabirika. Mwenye ratiba ya kubadilikabadilika hupewa nafuu kwa mkono mmoja akanyang'anywa kwa mwingine.

Mzazi hununua kifurushi cha saa mwanzoni mwa mwezi, huandikisha mapema siku na nyakati atakazomleta mtoto, na saa zinazotumika hukatwa kwenye salio lake, ambalo anaweza kuliona kwenye simu pamoja na risiti. Sehemu hii imepangwa vizuri na haikunisumbua. Jambo ambalo tangazo halilisemi ni kwamba saa moja ya kifurushi inauzwa ghali kuliko saa moja ya mzazi anayelipia mwezi mzima, na katika kituo hiki tofauti hiyo ni takriban theluthi moja. Maana yake ni kwamba mtoto anayekaa nusu ya saa za kawaida hapunguziwi nusu ya ada, bali hulipiwa theluthi mbili. Akikaa robo tatu ya saa hizo, malipo yanakuwa sawasawa na ada ya mwezi, na akizidi hapo, mzazi anayejiona amebana matumizi huwa analipa zaidi ya mwenzake aliyelipia kutwa. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kifurushi chochote, ni vyema mzazi aombe bei zote mbili, azigawe kwa saa, kisha ajue mpaka wake uko wapi. Hesabu hiyo ni ya dakika chache, na ingefaa kituo chenyewe kiibandike ukutani.

Hata hivyo, sikuiona tofauti hiyo ya bei kuwa hila. Sehemu kubwa ya matumizi ya kituo cha malezi ni mishahara ya walezi, na mishahara hiyo hulipwa watoto wawepo wasiwepo. Kiwanda kinaweza kununua mashine ikafanya kazi ya watu kumi, ilhali mlezi hawezi kubembeleza watoto wachanga kumi kwa wakati mmoja, na sheria za nchi nyingi hazimruhusu hata kujaribu: nchini England, kwa mfano, mlezi mmoja huruhusiwa kuwa na watoto watatu tu walio chini ya miaka miwili, na kwa wenye miaka miwili idadi hiyo ilipandishwa mwaka 2023 kutoka wanne hadi watano. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza katika miaka ya 1960, walipokuwa wakichunguza gharama za sanaa za jukwaani, kwamba kazi zisizoweza kuharakishwa huzidi kuwa ghali kadiri mishahara ya kazi nyingine inavyopanda, na malezi ni kazi ya namna hiyo hasa. Anayetazamia ada ishuke kwa sababu kituo kimepata programu mpya ya kupangia saa atasubiri sana. Kinachoweza kupungua ni saa tupu, yaani zile ambazo mzazi alikuwa akizilipia huku mtoto yuko nyumbani.

Masharti ya mkataba ndiyo yanayoamua kama nafuu hiyo itamfikia mzazi, na hapa ndipo nina malalamiko. Mtoto haandikishwi kwa chini ya saa tatu kwa siku, hivyo mzazi mwenye shughuli ya saa moja na nusu analipia mara mbili ya anachokihitaji. Mtoto mwenye homa hapokelewi, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama wa wenzake, lakini saa zake za siku hiyo hukatwa zote iwapo taarifa haikutolewa kufikia jioni ya siku iliyotangulia. Na homa ya mtoto haina desturi ya kutoa taarifa jioni. Kituo kingeweza kukata nusu tu kwa mtoto mgonjwa kikabaki salama kifedha, kwa kuwa wakati wa mafua na kikohozi nafasi hizo huachwa wazi na watoto wengi kwa pamoja, na nimeshuhudia baadhi zikiuzwa tena asubuhi hiyohiyo kwa wazazi waliopatwa na dharura. Kuuza saa moja mara mbili hakupendezi.

Suala la kuchelewa kumchukua mtoto wamelishughulikia kwa busara zaidi. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu vituo vya malezi mjini Haifa, Israeli, walionyesha kwamba wazazi walipoanza kutozwa faini ndogo kwa kuchelewa, uchelewaji uliongezeka, na hata faini ilipofutwa haukurudi ulikokuwa. Inaelekea wazazi waliihesabu faini kuwa ni bei ya huduma, wakaacha kuona haya mbele ya mlezi anayesubiri. Kituo ninachokizungumzia hakijidanganyi katika hilo. Dakika za kuchelewa kabla ya kufunga hukatwa kwenye salio kama saa nyingine yoyote bila mtu kukunjiwa uso, lakini baada ya muda wa kufunga malipo huwa makubwa kiasi cha kumfanya mtu akimbie, na sehemu yake humwendea mlezi aliyebaki. Mpango huu naufurahia kama mzazi, ingawa umewahi kunigharimu.

Nilichokuwa nikikihofia kuliko bei ni kama mtoto angetulia, kwa sababu mtoto wa umri huo humtafuta mtu anayemjua, na huduma ya saa huleta sura mpya kila siku. Watoto wa kutwa wana mlezi wao, wana mahali pao pa kulala na wanajua baada ya uji ni hadithi na baada ya hadithi ni usingizi, ilhali mtoto wa saa hufika katikati ya mambo na kuondoka kabla hayajaisha. Mwanzoni kituo kilimkabidhi mtoto wangu kwa mlezi yeyote aliyekuwa na nafasi, naye akawa analia mlangoni kila siku. Nilipomweleza msimamizi, alikubali apokelewe na mlezi mmoja yuleyule kwa sharti kwamba nimlete siku zilezile za wiki na asubuhi zilezile, na kilio kikapungua sana. Hapo utaona kwamba jambo lililomfaa mtoto ni lilelile lililofaa mfuko, yaani ratiba isiyoyumba, na kwamba uhuru wa kumleta mtoto wakati wowote, ambao ndio unaopambwa kwenye tangazo, ndio wenye thamani ndogo kuliko yote yanayouzwa pale.

Kwa wanaolinganisha huduma hii na ile ya familia mbili kuajiri yaya mmoja kwa pamoja, njia ya pili inaweza kuwa nafuu zaidi pale watoto wanapokaribiana umri na nyumba zinapokaribiana, lakini inahitaji makubaliano ya maandishi kuhusu nani anabeba gharama mtoto mmoja akiugua au familia moja ikijitoa ghafla. Wapo wanaoipendelea kwa sababu wanatarajia yaya akubali malipo ya mtoto mmoja kwa kazi ya wawili. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unawatambua wafanyakazi wa nyumbani kuwa wafanyakazi kamili wanaostahili mapumziko ya kila wiki ya angalau saa 24 mfululizo, na familia isiyoyaingiza mapumziko hayo kwenye hesabu yake bado haijajua yaya atawagharimu kiasi gani.

Nawapendekezea huduma ya saa wazazi wanaofanya kazi nusu siku, wanaopokezana zamu nyumbani, au wenye ndugu wa kushika siku mbili tatu za wiki. Anayefanya kazi kutwa siku tano alipie mwezi na asijisumbue. Mwenye zamu zinazobadilishwa na mwajiri wiki hadi wiki asome kwanza kifungu cha taarifa, kisha aulize kama kituo kitampa nafasi hata akichelewa kuandikisha, kwa kuwa siku zenye watoto wengi nafasi hujaa mapema. Aliyeamua kununua aangalie pia hatima ya saa zilizobaki: katika kituo hiki hufutika mwezi unapoisha, ilhali saa za ziada huuzwa kwa bei ileile ya kifurushi, hivyo sasa mimi hununua kifurushi kidogo kuliko mahitaji yangu na kuongeza saa kadiri mwezi unavyokwenda.