Doti ya kuombea radhi: kanga za Tanga kwa wapenzi wa chuo

Penzi la chuo lina hali yake ya hewa. Bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, likiingia, jua. Bumu likichelewa, mawingu. Matokeo yakibandikwa, tufani. Na Tanga wapo wapenzi ambao hata marafiki zao hawaelewi walikutania wapi: mvulana katoka bara ya mbali, msema wazi, binti mzaliwa wa Ngamiani, kalelewa na bibi anayejibizana na jirani kwa kanga iliyoanikwa uani. Wakigombana, mvulana huambiwa na wenzake, "Kamnunulie kanga." Tathmini hii ni ya kanga kwa kazi hiyo tu. Kwa kulalia, kubebea mtoto na kufungia mzigo, kanga haihitaji mtetezi.

Kama kitambaa, kwa bei yake, sioni zawadi ya kushindana nayo. Kama barua, ina hatari, maana mtu wa bara huchagua rangi na mtu wa pwani husoma jina.

Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, mji wa katikati, na jina, yale maandishi yaliyokaa juu ya pindo la chini. Mwanamke akijifunga, jina huangukia nyuma. Anayelisoma ni anayemfuata: wa chumba kimoja, shoga yake, hasimu wake. Ukimpa jina, umempa tangazo la kutembea nalo.

Tazama kosa linalojirudia. Mvulana kafoka, kajuta, anachukua HASIRA HASARA. Moyoni anajisema mwenyewe. Lakini jina la kanga humwelekea anayepewa. Halijui kumlaumu mtoaji. Binti anasoma: wewe uliyenuna, hasara utakula wewe. MDHANIAYE NDIYE SIYE ni mbaya zaidi, hata mji wake ukiwa umejaa korosho za dhahabu. NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU haina haja ya maelezo. NANI KAMA MAMA ina wateja wengi, ila hiyo mpelekee mama.

Yanayofaa ni majina mapole, yasiyo na mtu wa kunyooshewa kidole. WEMA HAUOZI haijawahi kuharibu kitu. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU humshusha kila mmoja ngazi moja, ndiyo maana inafaa pale ambapo wote wawili wanaona wamekosewa. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ni ya aliyekwisha kukatiwa simu. Ukiitoa na bado mnaonana kila jioni, umemwita mchoyo. WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI ni tamu, lakini kama chanzo cha ugomvi ni rafiki yake wa bwenini, umemtangaza huyo rafiki kuwa adui mbele ya bweni zima.

Kuna ya kuogopwa kuliko hizo zote, nayo ni kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, imetulia, mgeni huiona ya heshima. Ni kanga ya harusi. Binti akiingia nayo kwao, shangazi hataiuliza kanga, atauliza posa inaletwa lini. Kwa penzi lililovunjika mara tatu muhula huu, hiyo ni kesi.

Dawa yake ni kumwambia muuzaji ukweli. Usiingie na "nataka nzuri." Sema, "Shikamoo mama. Nimemuudhi mwenzangu, nataka ya kumtuliza." Wauza kanga wa Ngamiani na wa kandokando ya soko la Mgandini wanazikumbuka kwa majina kuliko kwa rangi. Akikurudishia swali, "Kosa lako au lake?", jibu kweli, jibu hilo ndilo linaloamua ashushe rafu ipi.

Sasa kitambaa. Doti ni pande mbili zilizoungana, kila mmoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na ushei. Hakikisha bei uliyotajiwa ni ya doti. Tafuta pamba tupu. Ya poliesta hung'aa na haijikunji, lakini joto la Tanga huiumbua siku ya kwanza: haifyonzi jasho, na fundo la kiunoni linateleza. Kanga mpya hukakamaa kwa wanga wa kiwandani, kwa hiyo ugumu usikudanganye. Shika pembe, ifikiche kwa vidole kama unayefua. Ikitoa unga mweupe na kulegea, ulikuwa unashikishwa wanga. Inyanyue mlangoni penye mwanga uone nyuzi zimebanana au ni wavu. Geuza nyuma: chapa nzuri hupenya, nyuma ikakaribia mbele. Kisha fuata pindo kwa kidole. Mstari mweusi ukiwa umelihama ua na kuacha ukingo mweupe, chapa zilipishana, na huenda herufi za jina nazo zimevimba. Fungua pande zote mbili. Wengi hukagua wa juu tu, kumbe doa liko wa chini.

Ukiona MALI YA ABDULLA kwa maandishi madogo pindoni, hiyo ni chapa ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza 1887. Huko huitwa leso, na mpaka wa Horohoro si mbali.

Zawadi usiikate. Doti nzima ndiyo ushahidi wa upya. Mwenyewe ataipeleka kwa fundi cherehani, akate katikati ya nafasi inayotenganisha pande mbili, apinde ncha fupi: mbili kwa kila upande, nne kwa doti. Upindo wa sentimita moja unatosha. Ukizidi unalila pindo na kanga inaonekana imepunjwa. Kingo ndefu zimefungwa kiwandani, haziguswi.

Kufua mara ya kwanza ni peke yake, maji baridi, na kuanika kivulini. Chumvi inatiwa kwa desturi, ila haiokoi rangi mbovu. Hosteli kwenye ndoo ya kuchangia ndiko mambo huharibika: shati jeupe la mazoezi ya kufundisha likigeuka waridi, ugomvi wa pili umeanzia kwenye kanga ya suluhu.

Kitambaa nakipa tano kwa tano. Kwa kuomba radhi naipa tatu, na hizo tatu ni za aliyeuliza kabla ya kulipa. Kanga haisemi "nisamehe" kwa niaba yako, inafungua mlango tu.

Lililobaki ni la kugawana. Wapo wanaokata doti, upande kwa binti, upande kwa mvulana wa kulalia. Inapendeza hadi siku ya kuachana. Mwanamke wa pwani anataka wa kiunoni na wa mabegani, na upande mmoja haununuliwi dukani. Muuzaji hawezi kubaki na nusu doti. Ukisubiri mzigo mpya, jina lile lile laweza kurudi na rangi nyingine kabisa. Mnaotaka sare, nunueni doti mbili za jina moja, siku moja, kutoka fungu moja, kila mtu aondoke na yake.