Boksi la Blu-ray la Star Trek: Huyo Kirk Mnayemsimulia Hayumo Humu

Karibuni, karibuni sana. Mkononi hapa ninalo boksi zima la Star Trek, tamthilia ya safari za anga, ile ya mwanzo kabisa iliyorushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Misimu mitatu, episodi 79, diski 20. Picha zinang'aa, rangi za yale mashati zinatoka vizuri, na kwenye menyu unachagua kati ya picha za anga za enzi zile na zile zilizotengenezwa upya kwa kompyuta. Chagua za zamani. Mambo ya picha na sauti wenzangu wameshayachambua hadi basi, siyarudii.

Mimi kuna jambo linanikera, na leo nalimaliza.

Kila nikiligusia boksi hili, watu wananiandikia yale yale kuhusu Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha anga, aliyeigizwa na William Shatner. "Kirk kiwembe." "Kirk kila sayari ana demu." "Kirk na yule dada wa kijani." Ndugu zangu, mmeangalia lakini? Maana diski ni hizi hapa, na huyo Kirk mnayemsimulia simwoni.

Tuanze na dada wa kijani. Sogeeni. Hii ni "The Menagerie", msimu wa kwanza. Huyu anayecheza, ngozi ya kijani, nywele zimetimka, ni Vina, ameigizwa na Susan Oliver. Sasa tazama anamchezea nani. Nasimamisha picha. Unamwona huyo aliyekaa? Huyo ni Kapteni Christopher Pike, aliyeongoza chombo kabla ya Kirk. Siyo Kirk! Vipande hivi vilipigwa kwa ajili ya episodi ya majaribio, kabla William Shatner hajaingia kazini, wakaja kuvitumia tena humu. Kirk yuko wapi? Nasogeza mbele... huyo hapo. Yuko kwenye kikao cha mahakama ya kijeshi, mshtakiwa ni Spock, msaidizi wake, na yeye Kirk anatazama hayo yote kwenye skrini kama mimi na wewe tunavyotazama sasa hivi. Kosa la Kirk ni nini?

Mwanamke wa kijani anayekutana na Kirk uso kwa uso ni Marta, msimu wa tatu, "Whom Gods Destroy". Mahali penyewe ni hospitali ya wahalifu wenye wazimu, Kirk kafungiwa humo, na Marta anambusu huku kisu kiko tayari. Yule Kirk aliye chumbani na binti wa kijani yumo kwenye filamu ya 2009, na aliyemwigiza ni Chris Pine. Zaidi ya miaka 40 imepita hapo katikati! Filamu imeokota uvumi, ikauvalisha sare, na sasa watu wanautumia kama ushahidi dhidi ya Shatner.

Nabadilisha diski, msiondoke, hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote kwenye boksi. "Where No Man Has Gone Before." Gary Mitchell, rafiki yake wa tangu chuoni, amelazwa kwenye kliniki ya chombo, wanakumbushana mambo ya zamani. Anamwambia Kirk kwamba chuoni alikuwa rundo la vitabu lenye miguu. Anasema wanafunzi walikuwa wanaonyana kuhusu Luteni Kirk: darasani kwake ama ufikiri ama uzame. Halafu anafichua kwamba ni yeye aliyemtuma binti mmoja wa maabara kwa Kirk, akampangia mpaka mbinu, ili mwalimu apunguze makali. Sasa sikiliza Kirk anavyojibu. Narudisha. Umesikia? Anasema alikaribia kumuoa! Tazama na uso wake, ameshtuka kweli. Kiwembe gani huyo, msichana mmoja anatumwa kwake kwa hila na yeye tayari anawaza ndoa?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Chukua zile episodi ambazo watu wanazihesabu kama ushindi wake. "Elaan of Troyius": machozi ya mwanamke yule yana kemikali, yakikugusa umekwisha, akili si yako tena. "Dagger of the Mind": amewekwa chini ya mashine inayompandikizia mapenzi kichwani. "Plato's Stepchildren", ya Novemba 1968, busu lake na Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols: wanasukumwa na watu wenye nguvu za akili, wote wawili wanapambana wasigusane. Mtu amelazimishwa, halafu sisi tunacheka, tunamwekea alama moja ya ziada kwenye hesabu ya wanawake wake. Angekuwa mwanamke kafanyiwa hivyo, mngeiita raha?

Nawatendea haki wanaonibishia. "Wink of an Eye", hii hapa: Deela anachana nywele mbele ya kioo, Kirk amekaa kitandani anavaa buti. Kilichotokea kila mtu mzima anakijua. Sawa. Ila huyo Deela alimteka, kwa sababu wanaume wa kwao hawazai na wanatafuta mbegu, na Kirk anamlegeza ili apate njia ya kuokoa chombo. Kwa Shahna wa sayari ya Triskelion, vivyo hivyo, Kirk yuko kifungoni. Utongozaji wake mwingi ni silaha ya mfungwa. Siusifu, lakini si tamaa.

Akipenda kweli, anaumia. "The City on the Edge of Forever", New York ya 1930, Edith Keeler, Joan Collins huyo. Gari linakuja, McCoy, daktari wa chombo, anakimbia kumwokoa, na Kirk mwenyewe anamkamata McCoy asifike, maana Edith akiokoka historia yote inaharibika. Edith anagongwa. Angalia macho ya Shatner, halafu uniambie kama huyo ni mtu asiyejali mwanamke.

Nadhani watu wamemchanganya na James Bond, filamu zilikuwa zimeshaanza 1962. Na wenye mali wenyewe wamechangia: mwaka 1996 Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek iliyokuja baadaye, ilifanya episodi ya kuadhimisha miaka 30, na humo mhusika wake mkuu, Sisko, anasema Kirk alikuwa na sifa ya kupenda wanawake. Wahusika wa baadaye wanarudia uvumi wa mtaani! Mimi hiyo episodi naipenda, ila mstari ule unaniudhi kila nikiusikia.

Bei. Jipya ni ghali, na ukiongeza usafirishaji linapanda zaidi, kwa hiyo tafuta lililotumika, ila mwambie muuzaji apige picha za diski zote kabla hujalipa. Muuzaji mmoja aliniletea boksi lina nafasi tupu msimu wa pili, na hela hakurudisha. Bei ikikushinda, chukua msimu wa kwanza peke yake. Wa tatu una episodi dhaifu nyingi.

Taarifa ya chaneli: video sasa zinatoka Ijumaa usiku. Ijumaa hii ni zamu ya wengine chomboni. Spock na Leila Kalomi, Scotty, fundi mkuu, na Mira Romaine, McCoy na Natira. Wote walipenda humo humo, misimu hiyo hiyo mitatu, na hakuna hata mmoja aliyeitwa kiwembe. Bonyezeni kengele.