Ozone katika Studio ya Nyumbani Lamu
Kwa anayerekodi taarabu au kasida nyumbani hapa Lamu, Ozone ya kampuni ya iZotope, programu ya kuukamilisha wimbo uliokwisha kuchanganywa (mastering), inastahili nafasi katika kompyuta, mradi itumiwe kwa kiasi. Chombo chake kiitwacho Master Assistant, kilichoingizwa katika toleo la 8 mwaka 2017, huusikiliza wimbo na kupendekeza mpangilio wa awali wa ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti kali) na limita (kizuizi cha vilele vya sauti); hata hivyo, mapendekezo hayo ni ya kuanzia kazi, si ya kuimaliza.

Faida yake nimeiona zaidi katika matari, kwa sababu mapigo yake ya ghafla hufikia kilele mapema na kumlazimisha fundi kuishusha sauti ya wimbo mzima. Maximizer, yaani limita ya Ozone, huvizuia vilele hivyo, na mwimbaji akasikika karibu zaidi bila sauti kukwaruza. Lakini ikisukumwa mno, mapigo hupoteza uhai na udi husikika kana kwamba umefunikwa kwa mto. Wala hakuna haja ya kushindana kwa ukubwa wa sauti, kwani Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kufikia takriban LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia).

Mwangwi wa vyumba vya kuta za matumbawe, ambao kwa kasida unaweza kupendeza sana, hudhibitiwa wakati wa kurekodi kwa mazulia na mapazia mazito, si baadaye. Ambaye bado hana fedha za kununua Ozone aanze na Youlean Loudness Meter, programu ya kupimia ukubwa wa sauti yenye toleo la bure, ajizoeze kupima.