Uzoefu wangu: fundi aliyetuliza sailensi ya CG125 ya zamani

Pikipiki ninayoitumia, Honda CG125, ni ya zamani, ya kabureta moja (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na kwa muda mrefu sailensi yake, yaani kasi ya injini bila kuvuta mafuta, ilikuwa ikipanda yenyewe mara injini inapopata moto. Nikiachia mafuta, mizunguko ya injini haikushuka papo hapo, bali ilibaki juu kisha ikateremka kwa kusitasita. Gereji ya kwanza ililegeza tu skrubu ya sailensi, na matokeo yake pikipiki ikawa inazima asubuhi na kunguruma mchana.

Fundi niliyempelekea baadaye, hapa Tanga, alifanya kazi kwa utaratibu ulionipa imani. Aliiwasha, akakata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, akisikiliza kama mngurumo unabadilika, kwa kuwa waya wa mafuta uliokaza huvutwa usukani unapogeuka. Haukubadilika. Alihakikisha pia kwamba waya una ulegevu wa milimita chache na kwamba choki, kizibo kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, imefunguka yote, ndipo akanyunyiza maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na bomba linaloingia kwenye injini. Mngurumo ukashuka hapo hapo, na muda mfupi baadaye ukapanda tena. Kumbe hewa ilikuwa ikipenya hapo bila kupitia kwenye kabureta, injini ikakosa petroli ya kutosha, na ndiyo maana hata plagi ilikuwa nyeupe.

Kabureta ilipofunguliwa, alinionyesha oringi, ule mpira mwembamba wa kuziba maungio, ikiwa imekakamaa na kubapa. Uso wa kabureta nao ulikuwa umepinda kwa sababu ya nati kukazwa kupita kiasi. Alipoegemeza rula juu yake, mwanga ulipenya katikati. Alitandika msasa laini juu ya kioo, akausugua uso huo taratibu mpaka ukanyooka, akaweka oringi mpya, kisha akakaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Sailensi aliirekebisha mwisho kabisa, injini ikiwa ya moto, karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika, na tangu hapo haijapanda.

Kasoro niliyoiona ni kwamba gereji haiweki akiba ya vipuri, hivyo nililazimika kuifuata oringi dukani mwenyewe na kazi ikachukua siku nzima. Hata hivyo, ninamsifu bila kusita, kwani aliniagiza nirudi baada ya wiki chache ili akague kama nati zimelegea, na ukaguzi huo hautozwi.