Blowa ya vumbi na maji ya sabuni: nilivyopata uvujaji wa ekzosi nikiwa nyumbani

Probox yangu ilianza kutoa mlio wa tak-tak-tak kila asubuhi nikiiwasha, halafu ikishapata moto mlio unapotea. Fundi mmoja akasema ni valvu, tufungue injini. Sikukubali, nikashuku ekzosi (mabomba ya kutolea moshi) inavuja, kwa sababu kwenye foleni moshi ulikuwa unanuka hadi siti ya nyuma wanapokaa watoto. Ndani ya moshi ule kuna kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu, na inaua.

Nyumbani nilikuwa na blowa ndogo ya umeme, zile za kupulizia vumbi kwenye kompyuta, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Gari likiwa limepoa na injini imezimwa, nikalinyanyua mbele kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi (jeki peke yake siiamini hata kidogo). Mdomo wa blowa nikauingiza kwenye bomba la nyuma, nikaziba pembeni kwa kitambaa kibichi, nikawasha. Kisha nikachukua maji yenye sabuni ya vyombo, nikapulizia kila kiungio kuanzia silensa (kopo la kupunguza kelele) kwenda mbele.

Nilipofika kwenye flanji (kiungio cha kufungwa kwa bolti) iliyo chini ya manifoldi, yaani sehemu inayopokea moshi kutoka kwenye injini, povu likafura papo hapo. Pembeni yake palikuwa na masizi meusi ambayo siku zote nilidhani ni oili. Gasketi, ile ya kuziba katikati ya kiungio, ilikuwa imeliwa upande mmoja. Ndiyo maana mlio ulikuwa unapotea: chuma kikipata joto kinatanuka na kubana ule upenyo.

Blowa naipa nyota nne. Nguvu inatosha, na unakagua bila kuungua wala kuvuta moshi. Shida ni kwamba inachemka haraka, nikawa naizima kila baada ya dakika chache, na kitambaa kilichomoka mara mbili. Ukiwa na mtu wa kukishikilia utafanya kazi vizuri zaidi. Sehemu ya juu ya manifoldi, nyuma ya bati la kukinga joto, nilitumia kioo kidogo kuiona.

Gasketi mpya ilinigharimu 12,000, ufundi 15,000. Nikarudia kipimo kilekile, povu halikutokea tena pale. Linatoka kwenye kitundu kidogo chini ya silensa tu, na hicho usikizibe: kimewekwa kiwandani ili maji yatoke.